Zamu Tatu za Maji

28 Aprili

Mkwe wangu,

Salaam. Sisi huku wazima, mgonjwa ni mfereji.

Jana kamati ya maji ilituita wote. Bwana Zamu, yule mzee anayeshika funguo za milango ya mfereji, ambaye jina lake halisi nadhani hata mkewe ameshalisahau, alipanda juu ya benchi akatusomea karatasi: msimu huu kila shamba lina zamu tatu za maji. Miaka yote tunapata nane. Nikadhani sikio limenidanganya, maana unajua hili la kulia lilikufa miaka ile ya ukarani ghalani, kwa kelele za mashine ya kupepeta. Nikamwuliza aliyekaa kushoto kwangu. Akaninyooshea vidole vitatu.

Nina ekari nne za ngano, zinazohesabiwa mashamba mawili, kila moja na mlango wake na zamu zake, na nina wiki mbili tatu za kuamua. Wewe unalipwa kujua mambo haya. Desemba ulikuja hapa ukachimba mashimo saba shambani kwangu, ukaonja udongo kwa ulimi mbele ya majirani, ukaondoka na mifuko yako, na mpaka leo sijaambiwa udongo wangu ulisema nini. Sasa nauliza kwa maandishi ili usije ukasema hukuulizwa. Ngano inaweza kuishi kwa maji ya mara tatu? Kama haiwezi, sema, nipande nusu, nusu ilale.

Simu usinipigie. Mara ya mwisho tulipigiana kelele robo saa nzima nikaambulia neno "mbolea" peke yake. Barua mpe dereva wa gari la maziwa, anapita hapa kila Jumatano.

Msalimie mkeo.

Mama mkwe wako


6 Mei

Mama,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta na afya njema. Naomba radhi kwa kuchelewesha majibu ya udongo. Udongo wako ni mzuri, unashika maji kuliko nilivyotarajia. Sikukuandikia kwa sababu ripoti ilikuwa haijapigwa muhuri, na hapa kwenye kituo cha utafiti wa mbegu jambo lisilo na muhuri ni kama halijatokea.

Kuhusu swali lako: inawezekana. Ngano haihitaji maji kila inapoonekana ina kiu, ina siku zake. Maji ya kwanza ni ya kulowesha shamba kabla ya kupanda. Ya pili ni siku ya ishirini na moja, pale mizizi ya juu inapotoka. Ya tatu ni inapochanua. Katikati hapo, Mama, naomba kwa heshima zote, usimwage hata kopo moja. Majani yatajikunja mchana. Yaache yajikunje.

Halafu, usilime kwa trekta na usichome mabua ya mwaka jana. Yaache yalale juu ya udongo yaukinge na jua. Mbegu uziloweke masaa kumi na mawili, uzianike kivulini mpaka zisishikane mkononi, ndipo upande.

Sasa nina ombi. Dereva anakuletea magunia mawili ya mbegu yangu, Kumi na Saba. Ni namba tu, bado haijapewa jina. Nimeihangaikia miaka minane hapa kituoni na sasa nataka kuiona kwenye shamba la mtu, si kwenye vitalu vyetu. Anakuletea na vigingi. Ekari mbili uziwekee vigingi vyeupe: humo upande Kumi na Saba, kwa namna niliyoeleza. Ekari mbili uziwekee vyekundu: humo upande mbegu yako ya siku zote, ulime unavyolima siku zote, na zamu tatu uzitumie utakavyo. Mwisho wa msimu tutapima.

Binti yako anakusalimu. Anasema nisikuandikie kama naandika ripoti. Nimejitahidi.

Mkweo


20 Mei

Mkwe wangu,

Nimepanda. Tarehe kumi na saba, ekari zote nne. Magunia yalifika, vigingi vilifika, vyekundu rangi yake ilikuwa mbichi ikampaka dereva suruali, na sasa ananitazama kama vile mimi ndiye niliyeshika brashi.

Upande wa vigingi vyeupe haukulimwa wala kuchomwa, kama ulivyoagiza. Unafanana na kichwa cha mtu aliyegombana na kinyozi katikati ya kazi. Jirani wa upande wa bondeni amekuja mara tatu kuniuliza kama naumwa. Mara ya tatu alikuja na mkewe, wakakaa, wakanywa chai, wakaniangalia.

Mbegu nimeloweka kwenye mapipa, nikazianika barazani juu ya mapazia ya sebuleni kwa kuwa turubai lina matundu. Kwa hiyo sebule haina mapazia na wapita njia wananiona nikila.

Kila kitu nimefanya kama ulivyoandika, isipokuwa pale nilipoona inafaa kutumia akili yangu.

Mama mkwe wako


30 Mei

Mama,

Shikamoo. Nashukuru sana kwa kazi kubwa. Pole kwa mapazia.

Nimeisoma sentensi yako ya mwisho mara kadhaa. Nimempa na binti yako aisome, akacheka, hakunisaidia. Naomba kufafanuliwa ni wapi hasa ulitumia akili yako. Si kwamba nina shaka nayo. Ni kwamba jaribio likibadilishwa mahali nisipopajua, majibu yake hayatakuwa na maana.

Naomba pia unihesabie miche. Funga vijiti vinne viwe mraba wa mita moja, uurushe shambani bila kuchagua mahali, uhesabu miche iliyomo ndani. Rudia mara sita.

Maji ya pili ni tarehe saba Juni. Si sita, si nane.

Mkweo


1 Julai

Mkwe wangu,

Nimerusha mraba wako mara sita, na mara ya saba kwa hasira. Upande wa vigingi vyeupe ni miche mia mbili na kumi, wakati mwingine mia mbili na tano. Maji ya pili nilifungulia tarehe saba Juni, alfajiri. Upande wa vyekundu nimelima kama mtu mwenye akili timamu, nikamwagilia mapema mapema. Zamu zake zote tatu zimekwisha tangu tarehe ishirini Juni, na mpaka leo ndio upande unaopendeza.

Sasa nikueleze kilichonipata Alhamisi. Bwana Zamu alinikuta nimesimama kwenye vigingi vyeupe. Majani yamejikunja kama sigara. Ukipita unasikia yanakwaruzana. Akaniambia, "Mama, kuna mtu amelitelekeza shamba lake, zamu yake moja imebaki haina mwenyewe. Nikufungulie?"

Nikamwambia hapana.

Akahamia upande wa sikio zima. "Hukunisikia. Nasema kuna maji. Yapo. Naweza kukufungulia sasa hivi."

"Nimekusikia. Siyataki."

"Huyataki maji."

"Mkwe wangu amesema mpaka ichanue."

Alivua kofia akaishika kifuani, kama mtu aliyefika msibani, akaondoka polepole. Maji akampa jirani wa bondeni.

Miaka ishirini na minane nimelima hapa, mkwe wangu, na sijawahi kukataa maji. Nilirudi ndani nikafua nguo ambazo hazikuwa chafu. Kama umekosea, hutanipata tena kwenye mambo haya, nakwambia kabisa.

Mama mkwe wako


9 Julai

Mama,

Shikamoo. Huyu ni mimi, si yeye. Hajui kama naandika.

Mnanichosha. Kila Jumatano anatoka kazini saa nane kumsubiri dereva wa maziwa barabarani. Barua yako anaisoma amesimama, kisha anaisoma mezani, kisha ananisomea mimi, kisha ananiuliza, "Unadhani hapa Mama alimaanisha nini?" Namwambia muulize mwenyewe. Anasema haiwezekani, ni mama mkwe. Nawe najua uko huko unasema haiwezekani, ni mkwe. Mimi niliyezaliwa na mmoja na kuolewa na mwingine ndiye nigeuzwe kamusi.

Kuna jambo hakukuandikia, kwa hiyo nakuandikia mimi. Mkuu wa kituo amewaambia kwamba mbegu isiyojionyesha shambani msimu huu haitapewa tena kitalu. Kwake yeye ni Kumi na Saba, miaka minane. Ameikuta ikiwa punje arobaini kwenye bahasha. Siku hizi chakula kinapoa mbele yake. Nikimsemesha ananijibu baada ya muda, kama mtu aliye upande wa pili wa ukuta.

Sikuombi kitu. Nimetaka tu ujue kwamba hizo ekari mbili si mchezo wake. Na nunua mapazia mengine, tafadhali.

Binti yako


24 Julai

Mkwe wangu,

Imeanza kuchanua tarehe kumi na nane, nimeipa maji ya tatu siku hiyohiyo. Ilikunywa mpaka nikaisikia kwa sikio bovu. Siku ya tatu majani yalikuwa yamefunguka yote. Upande wa vyekundu nao umechanua, lakini juu ya udongo mkavu, na masuke yameanza kupauka kabla hayajajaa. Jirani wa bondeni haji tena kuniuliza kama naumwa. Anapita tu njia ya juu, taratibu, akitazama.

Uliniuliza kimo kwenye kile kikaratasi ulichompa dereva. Upande wa vyeupe ni sentimita tisini na nne, yaani kiunoni kwangu.

Hii ni kazi yako na umeijua. Nilitaka uyapate hayo kwa maandishi.

Mama mkwe wako


16 Agosti

Mama,

Shikamoo sana. Sijui nianzie wapi.

Sentimita tisini na nne. Hapa kituoni Kumi na Saba haijawahi kuvuka sabini, ni ngano fupi, tuliifanya iwe fupi. Kufika kiunoni, tena kwa maji ya mara tatu, ni jambo ambalo sikulitarajia, na maelezo pekee niliyo nayo ni huo udongo wako. Nimewaeleza wakubwa kwa takwimu zako: miche, kimo, siku ya kuchanua, hesabu ya masuke uliyoniletea wiki iliyopita. Mwenzangu mmoja aliuliza kama nina hakika. Nikamwambia aliyehesabu alikuwa karani wa ghala miaka kumi na tisa, hakosei.

Mkuu wa kituo ameamua. Magunia yote ya Kumi na Saba yaliyopo yanapelekwa kwa wakulima mia mbili wa upande wa juu wa mto, wale wanaopanda mwezi wa tisa. Wao mwaka huu wana zamu mbili tu. Wamekubali kuacha mbegu zao za zamani na kupanda hii peke yake. Magari yanaondoka tarehe kumi Septemba. Mbegu itapewa jina.

Nimesimama mbele ya watu mara mbili wiki hii nikakutaja wewe. Sikukutaja kwa jina, nilisema "mkulima mmoja makini." Binti yako amelia kidogo, kisha akaniambia nile.

Asante, Mama. Nakushukuru hasa kwa ile siku uliyokataa maji.

Mkweo


21 Agosti

Mkwe wangu,

Kaa chini.

Ngano iliyo kwenye vigingi vyeupe si Kumi na Saba. Ni mbegu yangu. Pande zote mbili ni mbegu yangu.

Magunia yako yalipofika Mei nilifanya nilichokuwa nikifanya ghalani kila shehena ilipoingia. Kila gunia nililitolea punje mia moja, nikazilaza kwenye kitambaa kibichi ndani ya sahani, nikafunika kwa sahani nyingine. Siku ya nne nikafunua. Gunia la kwanza zilikuwa zimechipua thelathini na nane. La pili thelathini na tano. Nikangoja siku moja zaidi, hakuna iliyoongezeka. Nyingine zilikuwa zimeanza kuota ukungu. Mbegu yako ilikuwa imekufa, mkwe wangu. Sijui imeuliwa na nini, labda joto, labda unyevu, lakini ilikuja kwangu ikiwa imekufa zaidi ya nusu.

Niliandika barua ya kukwambia. Nikaichana. Nikaandika nyingine. Mtu anamwambiaje mume wa binti yake kwamba kazi yake ya miaka minane imefia kwenye gunia? Ungekuwa mwanangu wa kuzaa ningekuja huko kwa gari la maziwa nikupigie kelele mlangoni. Wewe ni mkwe. Nikasema nitapanda yangu, nitafuata maji yake na mabua yake kama alivyotaka, msimu utapita, akija nitamwambia taratibu tukiwa tumekaa. Hamkuja. Kisha mkeo akaniandikia jinsi unavyohangaika, nikazidi kufunga mdomo. Kila ulichoniomba kuhesabu nilihesabu kweli. Sikukudanganya namba hata moja. Nilinyamaza tu juu ya lile moja, na najua ndilo kubwa.

Sikujua habari za wakulima mia mbili. Wanapewa hiyo mbegu, wameacha yao, wana zamu mbili. Watamwagilia udongo mtupu. Zuia magari hayo.

Na wewe nawe, mkwe wangu. Mbegu uliyoifanya fupi kwa mikono yako inanifika kiunoni, umeandikiwa kwa sentimita, na bado ukasema ni udongo.

Mama mkwe wako


29 Agosti

Mama,

Shikamoo.

Barua nimeipata. Naomba kuelewa kitu kimoja. Ulijua kabla ya tarehe kumi na saba Mei. Leo ni tarehe ishirini na tisa Agosti. Katikati hapo tumeandikiana kuhusu vijiti, rangi, mapazia na suruali ya dereva. Nilikuuliza waziwazi ni wapi ulitumia akili yako, hukunijibu.

Mstari mmoja ungetosha. Haukuhitaji kuwa na adabu. Mei ningeweza kupanda upya kitaluni na kuiokoa. Sasa siwezi.

Sina la kuongeza kwa leo.

Mkweo


3 Septemba

Mama,

Shikamoo. Naandika kwa sababu yeye haandiki.

Barua yako alipomaliza kuisoma alikwenda kituoni akaomba funguo za stoo. Alirudi na bahasha kumi na sita, moja kwa kila rundo la magunia. Akachukua sahani zetu zote, na za jirani, akatoa punje mia mia. Meza haina nafasi, siku nne tumekula tukiwa tumesimama jikoni. Hakuzifunua hata mara moja kabla ya wakati, alikuwa anazizunguka tu.

Jana alifunua. Alihesabu kwa uma, akaandika, akahesabu tena. Sahani bora ilikuwa na arobaini na moja, mbaya kuliko zote ishirini na mbili. Aliniita nihesabu mimi, labda macho yake yamechoka. Nikapata hizohizo.

Kosa limejulikana. Januari alizipima zikachipua tisini na nne katika mia. Februari walianza kukarabati paa la ghala lao, wakahamishia magunia kwenye chumba cha mabati nyuma ya karakana. Yamekaa humo miezi mitatu ya joto. Hakuzipima tena. Ananiambia, "Nilikuwa na karatasi ya Januari, ina muhuri." Ameirudia sentensi hiyo mara nyingi mpaka nimemwomba aache.

Alimwendea mkuu leo asubuhi. Mkuu amemwambia arobaini si sifuri, na ahadi imeshatolewa, waongeze tu mbegu shimoni. Keshokutwa kuna kikao. Ameiweka barua yako ya tarehe ishirini na moja kwenye mfuko wa koti. Nimemwuliza ataifanyia nini. Akafunga vifungo vya koti.

Mama, nimekukasirikia wewe, nimemkasirikia na yeye, na sina wa kumwambia kwa kuwa watu wangu ndio ninyi.

Binti yako


15 Septemba

Mama,

Shikamoo. Nimechukua muda kwa sababu kila nilipoanza nilikuta naandika kwa hasira, na binti yako amenikataza kutuma hizo.

Kikao kilikuwa na watu kumi na mmoja. Niliwawekea sahani mbili mezani, nikawasomea barua yako yote, pamoja na pale unaposema nilikaa nikasema ni udongo. Watu wawili walicheka hapo. Mkuu hakucheka.

"Unataka niwaambie wakulima mia mbili kwamba mama mkwe wako aliweka mbegu kwenye sahani?" akaniuliza.

"Ndiyo. Na kwamba mimi sikuweka."

"Ukiongeza mbegu shimoni, tatizo linabaki wapi?"

"Hatuna mbegu ya kuongeza. Tukiongeza tunafikia wakulima themanini. Hao wengine mia na ishirini wameshaweka za kwao kando."

Mkuu alizisogeza sahani kando. Akasema magari yasiondoke, na wakulima waambiwe leo hiihii wapande mbegu zao wenyewe. Kisha akasema Kumi na Saba isimamishwe miaka miwili, na mimi nihamishiwe dawati la ushauri kwa wakulima. Nakuandikia kutoka huko. Ni chumba chenye mashine mbili za kutolea nakala, zote mbovu, na kiti kimoja. Zimebaki punje hai za kutosha kujaza ndoo labda, za kuanza tena nikiruhusiwa.

Kuna jambo jingine, na hili ndilo linaloniuma zaidi. Tukiwa tunanyanyuka, fundi wa maabara, mama mmoja ambaye huwa hasemi vikaoni, aliuliza: "Basi kama mbegu ni ileile pande zote mbili, kilichotofautiana ni nini?"

Nilijua jibu, nikainama kukusanya sahani. Ni mabua na siku za maji. Mambo yaliyomo kwenye vitabu tangu sijazaliwa. Nilikuwekea mbegu mpya na maji mapya kwa pamoja upande mmoja, Mama. Ngano ingestawi, nisingejua kipi kimeistawisha, ningesema mbegu, kwa kuwa ndiyo niliyotaka iwe. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angefelishwa kwa hilo. Wewe ulipobadilisha magunia ulilinyoosha jaribio langu. Hukukusudia, na bado sijakusamehe vizuri, lakini ni kweli.

Naomba idadi ya magunia ukishavuna.

Mkweo


6 Oktoba

Mkwe wangu,

Nimevuna, nimepura, nimepima kwa mizani ya ghala, na nimewaita watu watatu wasimame hapo wakiangalia ili usije ukaniuliza nilitumia akili yangu wapi. Vigingi vyeupe, ekari mbili, magunia ishirini na nane. Vyekundu, ekari mbili, magunia kumi na nane. Miaka ya zamu nane nilikuwa napata thelathini na mbili upande mmoja kama huo. Maji yaleyale, mbegu ileile, magunia kumi zaidi.

Nilikosa. Nakuandikia hivyo bila kuzunguka. Niliona aibu yako nikaihurumia, na huruma yangu ilikaribia kuwalaza njaa watu mia mbili ambao sijawahi kuwaona. Kunisamehe fanya kwa muda wako, sikukimbizi. Ila kuanzia leo ukikosea nitakwambia siku hiyohiyo, kwa maneno nitakayoyapata karibu, na wewe utaniambia hivyohivyo. Mkeo anasema tukiendelea na heshima yetu atahama atuachie nyumba zote mbili.

Sasa sikiliza habari ya hapa. Jumamosi kamati ya maji imekaa. Bwana Zamu alipanda tena juu ya benchi lake. Akasema miaka yote anafungulia maji kwa kufuata nyumba, kuanzia ya juu mpaka ya chini, na ameona kwa macho yake maji yakifika kwa ngano isiyoyahitaji na kuipita inayoyahitaji. Anataka msimu ujao milango ifunguliwe kwa kufuata umri wa ngano: aliyepanda kwanza afunguliwe kwanza ngano yake ikifika siku ya ishirini na moja, na kwanza tena ikichanua. Wakabishana mpaka adhuhuri. Jirani wa bondeni alisema huo ni wazimu, kisha akauliza kama mtu akipanda tarehe tano, siku ya ishirini na moja inaangukia lini. Kura zilipohesabiwa, wamekubali wenye mashamba hamsini na nane, wamekataa watatu.

Wanakutaka wewe uje uwapangie orodha. Siku tatu. Mashamba sitini na moja, kila moja na tarehe yake ya kupanda na tarehe zake tatu za maji, na yasigongane mlangoni. Nimewaambia nitakuuliza.

Hawakuuliza habari ya mbegu, na najua hilo litakuuma. Kama Kumi na Saba ni nzuri mimi sijui. Hata wewe hujui, maana haijawahi kuota hapa. Siku utakapokuwa na iliyo hai, lete, tutaipanda pande zote mbili, kwa maji yaleyale, nami nitaihesabu mbele yako. Lakini hawa wanapanda Mei, na Mei haingoji muhuri wa mtu.

Njoo na mkeo. Njoo na karatasi kubwa, ile ya kuchorea ramani, na kalamu za risasi na kifutio kizima, maana hawa watu nawajua, watagombana nawe kwa kila tarehe utakayoandika.

Mama yako